Kibuyu cha Mzee Mayige

Jumatatu, 25 Juni 2001

Siku ya tisa ya ndoa yangu! Luhende anasema nikiendelea kuhesabu hivi, daftari litaisha kabla ya Krismasi. Liishe! Ataninunulia jingine.

Chumba chetu ni kimoja, uani kwa Mama Justina, hapa Bariadi mjini. Kitanda, meza, ndoo mbili, na redio saba ambazo si zetu. Mume wangu — naandika tena, MUME WANGU — ni fundi redio karibu na stendi, na zile zinazomshinda dukani huja nazo nyumbani. Naamka nimezungukwa na redio zilizopasuliwa matumbo. Mikono yake inanukia moshi wa risasi ya kuchomelea. Sikujua kwamba mtu anaweza kuipenda harufu hiyo.

Siku hizi mambo ni redio tu. Zamani ilikuwa moja, ya serikali. Sasa kuna ya mtu binafsi kutoka Mwanza, inashika vizuri ukitundika waya kwenye mwarobaini wa Mama Justina. Jioni wanapiga bongo fleva saa nzima. Wazee wanaita muziki wa kufoka. Luhende ameunganisha deki mbili za kaseti: moja inapiga kipande kidogo, nyingine inakirekodi, kipande kilekile mara ishirini, thelathini — biti! Imetengenezwa hapa hapa, juu ya meza tunayolia ugali!

Na mistari naandika mimi. Kidato cha nne hesabu zilinitupa, lakini kwenye insha hakuna aliyenigusa. Luhende anasoma nilichoandika, anafumba macho, anatikisa kichwa. Basi mimi siku yangu imekwisha hapo. Sihitaji kingine.

Alhamisi, 28 Juni

Tangazo limebandikwa stendi! Kampuni mpya inayonunua pamba inafanya tamasha la Nane Nane uwanjani. Upande mmoja ngoma za asili, upande wa pili bongo fleva. Kundi la vijana litakaloshinda litapelekwa Mwanza kurekodi kwenye ile redio. Mwanza! Studio!

Ngeleja, rafiki wa Luhende, alikuja mbio na habari hizo, kandambili moja mkononi imekatika. Yeye ndiye atakayechana. Alitufokea palepale uani: mimi mkali, mimi noma, mimi sumu ya nyoka, mimi, mimi, mimi. Mama Justina akauliza kutoka jikoni, "Huyo anayejitaja hivyo amepotea?"

Tulicheka hadi machozi. Lakini baadaye nikawaza. Kweli wote wanaimba hivyo. Kila mtu anajisifu yeye, na wote wanafanana. Hakuna anayesimulia mtu mwingine. Mimi nikiandika insha shuleni nilikuwa nikijifanya mwindaji, mwizi, mjane, ng'ombe — chochote! Kwa nini mchanaji asiwe mtu mwingine kabisa?

Nimemwambia Luhende. Kasema, mke wangu una kichwa. Akanibusu hapo hapo kwenye kichwa.

Jumapili, 1 Julai

Tumetoka Ngulyati kuwaamkia wakwe. Baiskeli moja, mimi nyuma na kuku wa zawadi mapajani. Raha!

Baba mkwe. Jina lake sitaliandika hata hapa, ndani ya daftari langu mwenyewe. Mama alinifunda vizuri: jina la baba mkwe halitoki mdomoni mwako. Mkono wake hushiki. Benchi moja hamkai, bakuli moja hamli. Unapiga goti kwa mbali, unasalimia, unaondoka. Nikafanya hivyo. "Mwangaluka, baba." Akaitikia huku anaangalia ng'ombe. Ni mrefu, mkimya, mabega mapana. Namwogopa kidogo. Hapana, sana.

Lakini mama mkwe! Mama Domitila ni wa ajabu. Tulikaa jikoni tukimenya viazi vya michembe, akanisimulia mumewe alivyokuwa. Eti huyu mzee mkimya alikuwa manju! Kiongozi wa ngoma wa kundi la Wagika, anatunga, anaimba, anacheza, watu wanatoka hadi Bukundi kumwona. Alikuwa na jina lake la ngoma, kila mahali wanalitaja. Kisha ukaja mwaka mmoja, mashindano Mkula. Kwa Wasukuma hakuna jaji: makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji wanahamia kwa wanayempenda. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Siku hiyo manju wa Wagalu, wapinzani wao, alikuja na mambo mapya, na watu wakaanza kuhama. Kumi. Mia. Wote! Baba mkwe akabaki anacheza mbele ya mbwa wawili.

"Na mimi," akasema Mama Domitila. "Mbwa wawili na mimi. Nilikuwa msichana tu, hata kunichumbia bado. Nilisimama palepale mpaka jua likaanguka."

Jamani! Niliacha kisu nikamkumbatia.

Tangu siku hiyo akaiweka ngoma ghalani, na jina lile la ngoma akakataza lisitamkwe tena. Hata Luhende halijui. Nikamwomba mama aninong'oneze. Akasema, hapana mwanangu, lilizikwa, mimi si wa kufukua.

Wakati wa kuondoka alinipa kibuyu kikubwa cha maziwa, kimepasuka ubavuni na kushonwa kwa uzi. "Kapandie maua."

Alhamisi, 5 Julai

Hakijapandwa maua!!!

Nimekikata nusu. Macho mawili, tundu la mdomo. Ndevu nimegundisha pamba, tena pamba safi ya daraja la kwanza. Mshono wa ubavuni umekaa shavuni kama kovu. Nimemwita Mzee Mayige, aliyezaliwa mwaka wa nzige.

Ilikuwa avae Ngeleja. Akavaa, akaanza tena: mimi mkali. Mzee wa miaka themanini, sumu ya nyoka! Akavaa Luhende — anacheka humo ndani, kibuyu kinatikisika. Nikasema leteni niwaonyeshe tu. Nikavaa. Kulikuwa na giza na harufu ya maziwa ya zamani, na sauti yangu ilinirudia masikioni nene, ya mbali. Ikatoka:

*Nilizaliwa mwaka nzige walipolifunika jua,*
*wakala mtama, wakala nyasi, mimi wakanibagua!*

Nikakivua. Wote wawili walikuwa wamefungua midomo.

Ngeleja kasema, shemeji, mimi najiuzulu.

Ni kitu cha ajabu, lazima nikiandike kabla hakijanitoka. Nikisema "mimi" humo ndani, si mimi. Kabula wa kidato cha nne hawezi kusema alichosema yule mzee. Magoti yalinipinda, mgongo ukainama, nikawa na mambo themanini ya kusimulia. Na sikuona aibu hata kidogo! Mimi, ambaye nikisoma somo kanisani siinui macho kitabuni.

Jumanne, 17 Julai

Mazoezi kila siku. Biti mpya ni nzuri mno, Luhende amerekodi mlio wa mchi wa Mama Justina akitwanga na kuuweka chini ya gitaa. Mama Justina hajui. Anasikia, anatikisa mabega, anauliza, "Hii ngoma nimeisikia wapi?"

Tumepanga hivi. Watu wote watadhani Mayige ni Ngeleja, maana tuko kimo kimoja. Nitavaa koti la mtumba linalofika chini ya magoti, soksi mikononi zilizokatwa vidole. Ngeleja atajificha dukani. Na mimi, Bi. Luhende, nitakuwa "naumwa kichwa" nyumbani. Bibi harusi wa mwezi mmoja kurukaruka jukwaani mbele ya wakwe — haiwezekani! Pete nitaivua na kuibana kwa pini ndani ya koti, upande wa moyo. Nilimwonyesha Luhende mahali penyewe. Akaifunga ile pini yeye mwenyewe.

Na hadithi? Nimeandika ile ya Mkula. Sikutaja mtu wala mahali. Ni mzee Mayige ndiye aliyehamwa na watu. Ndiyo, nimeiba. Lakini ilikuwa inanisumbua kichwani, na baba mkwe haji kwenye mambo ya kufoka.

Jumatano, 8 Agosti — NANE NANE!

Herufi hazikai kwenye mstari. TUMESHINDA!

Niandike kwa mpangilio. Uwanja ulijaa. Jenereta, spika mbili kubwa, vumbi, maboga ya maonyesho, fahali wamefungwa utepe. Kabla yetu alipanda kijana wa Shinyanga mjini, miwani myeusi, suruali ya kuwaingia watu wawili, anajiita Sumu Kali. Alijitaja kwa dakika kumi. Watu wakaanza kwenda kuangalia fahali.

Kisha Luhende akawasha deki. Nikatoka na fimbo, taratibu, mzee anayetafuta choo. Watu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo! Nikawapa nzige, wakashangilia. Nikawapa Mkula:

*Siku ile uwanjani watu walinihama kama maji,*
*nikabaki na mbwa wawili na mke — huyo ndiye wangu mtaji!*

Wakaanza kuhama. Naapa! Kutoka kwenye fahali, kutoka kwenye soda, kutoka upande wa ngoma za asili — wakaja upande wetu, kama wanavyofanya tangu zamani. Niliwaona kupitia vitundu viwili. Na mbele kabisa, mikono nyuma, amesimama —

Baba mkwe.

Alikuwa amekuja na mkokoteni wa pamba. Hakucheka wala hakupiga makofi. Alitazama tu. Nilimaliza sijui vipi.

Nikateremka nikimbilie nyuma ya turubai. Akanifuata! Akanishika MKONO. Vidole vyangu, vilivyo nje ya soksi, ndani ya kiganja chake! Akanikalisha kwenye benchi, akakaa kando yangu. Akaagiza togwa, kikombe kimoja, akanywa, akanipa. Ningefanyaje? Nikapitisha kwenye tundu la mdomo, nusu ikaenda kwenye ndevu.

Akaniambia, sauti ya chini kabisa, akiniita babu kwa Kisukuma: "Guku, hayo ya mbwa wawili uliyajuaje?"

Nikakoroma kizee. Nikatikisa kichwa.

"Luhende amekwambia. Si kitu. Miaka yote hii nilidhani ni aibu. Leo umewaambia watu wote, na wamekuja upande wako." Akacheka! Sikuwahi kumsikia akicheka. "Jumamosi ya wiki ijayo njoo Ngulyati, tunafunga mavuno. Na unitaje. Usinitaje kwa lile jina la ngoma, lile lilikufa. Nitaje kwa jina alilonipa baba yangu. Walisikie kwenye spika."

Akanipigapiga begani na kwenda zake.

Mkono, benchi, kikombe. Yote kwa siku moja! Mama angezimia.

Mama Domitila naye alikuwepo. Alinipita pale nyuma ya turubai, akakitazama kibuyu, akaugusa ule mshono. "Ah," akasema kama anaongea na hewa, "maua yameota ndevu." Akaendelea na safari yake.

Mwanza ni tarehe ishirini na tano. Luhende ameniinua juu mara tatu. Ngeleja amenunuliwa bia nne na watu wasiomjua. Analalamika: "Napongezwa kwa kazi ya mke wa mtu!" Lakini bia kazinywa.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimemwambia Luhende kuhusu jina. Kwanza alicheka. Kisha akauona uso wangu.

Anasema: anayetaja ni Mayige, si wewe. Mayige hana mkwe. Umesema mwenyewe, ukiwa humo ndani si wewe.

Ni kweli, nilisema. Lakini mdomo ni wangu. Nilijaribu leo nikiwa peke yangu. Nikavaa kibuyu, mlango nimefunga, nikaanza mstari, nikafika pale. Ulimi ukasimama. Mara tatu. Yaani ni kama kukanyaga mtu aliyelala.

Mkono alinishika yeye, sikuushika mimi. Kikombe alinipa yeye. Jina nitalitoa mimi, kwa hiari yangu, kwenye spika mbili. Nikilitaja, nitakuwa nimemvunjia heshima mtu ambaye hata hajui kama nipo hapo. Nisipolitaja, nitamhama kama walivyomhama Mkula. Mzee ameomba kitu kimoja tu.

Jumapili, 12 Agosti

Luhende amerudi kutoka Ngulyati, amesema baba yake amenunua shati! Anaenda nyumba kwa nyumba akiwaalika watu. "Mtanisikia," anawaambia. Bila kusema atasikika vipi.

Moyo wangu!

Nimeuliza: je, tumwambie ukweli? Luhende alizungusha bisibisi mkononi. Akasema akijua kabla, hatakuruhusu kupanda. Na bila ruhusa ya baba siwezi kukupeleka Mwanza, Kabula. Nitakupeleka popote, lakini si kwa kumruka baba.

Alivyotamka "Kabula". Hata kwenye habari mbaya jina langu mdomoni mwake ni tamu.

Jumatano, 15 Agosti

NIMEPATA! Nilikuwa naosha masufuria. Sitalitaja — watalitaja WAO! Naleta mstari hadi ukingoni, Luhende anazima biti, mimi naweka mkono sikioni, uwanja mzima unalipigia kelele. Itakuwa kubwa kuliko spika! Ngulyati nzima kwa mdomo mmoja!

Luhende kafumba macho, katikisa kichwa. Mimi ni mke mwenye akili kuliko wote Bariadi.

Jumamosi, 18 Agosti

Tumerudi. Jua bado lipo. Luhende yuko uani anaosha vumbi.

Ilianza vizuri mno. Uwanja wa Ngulyati, watu mpaka juu ya mikokoteni. Baba mkwe mbele, shati jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Nikaingia:

*Kulikuwa na bwana mmoja hapa, ngoma yake ilitikisa kuta,*
*ng'ombe waliacha kunywa maji, wakatoka wakamfuata,*
*jina lake ni —*

Biti ikazima. Mkono sikioni. Na wakalipiga! Jina lake, watu mia tatu, hadi ndege wakaruka. Baba mkwe akainua mikono juu. Alikuwa kijana, nakuambia, kijana!

Ubeti wa pili, vilevile. Wakalipiga tena.

Ubeti wa tatu akaja mbele. Akasimama hatua moja kutoka kwangu, akawanyamazisha watu kwa kiganja. "La kwao nimelisikia," akasema. "Sasa la kwako, guku. Litaje wewe."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akasubiri. Akaniambia polepole, kama anayemsaidia mtoto: "Jina tu. Linajulikana na kila mtu hapa. Nani asiyeweza kulitaja?"

Na alipouliza hivyo akajijibu mwenyewe. Niliona. Swali lilibaki usoni kwake, kisha likaondoka. Maana Ngulyati nzima, watoto, walevi, maadui zake, wote wanaweza kulitaja. Mtu mmoja tu hawezi.

Na goti langu, hili jinga, likapinda lenyewe.

Akaangalia goti. Akaangalia vidole vyangu kwenye soksi. Kisha akateremsha macho chini, akarudi nyuma hatua tatu, akageuka upande. Kama mkwe anavyomwachia mkwe nafasi. Kwa adabu kabisa! Mbele ya watu mia tatu walioshangaa mzee amepatwa na nini.

Akaondoka kuelekea nyumbani. Watu walidhani anaenda kuleta zawadi. Hakurudi.

Luhende aliwasha biti nyingine, Ngeleja akatokea bila kibuyu akajitajataja, watu wakachanganyikiwa: Mayige wako wawili? Tukapakia vyombo. Nilimwona Mama Domitila kwa mbali, amesimama mlangoni mwa ghala, mikono kifuani. Hakunipungia.

Jumapili, 19 Agosti

Hakuna habari. Misa sikuisikia hata neno. Luhende ameniandalia chai yeye mwenyewe, sukari nyingi kupita kiasi. Anasema hata kama Mwanza hatuendi, yeye ameshashinda tangu tarehe kumi na sita Juni. Nimelia, kwa furaha na kwa lile jingine, vikiwa vimechanganyika.

Mama Justina anataka kujua kwa nini bibi harusi analia. Nimemwambia vitunguu. "Jumapili saa mbili asubuhi?" akasema.

Kibuyu kipo chini ya kitanda. Nimekigeuza uso ukutani.

Jumatatu, 20 Agosti

Yupo nje. SASA HIVI. Saa tisa alasiri, Luhende yuko dukani, na baba mkwe yuko nje ya mlango wangu, nimejibana nyuma ya pazia na daftari, nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Nilisikia baiskeli. Kisha, "Hodi." Sauti yake. Nikapiga goti humu humu ndani, nikasema, "Mwadila, baba." Sauti ndogo kama ya panya.

Hakuitikia salamu! Akasema, kwa sauti ya kuongea na ukuta: "Mkwe wangu kama yumo, apumzike. Sikumfuata yeye. Namtafuta Mzee Mayige."

Mama Justina akatoka jikoni, bila shaka. Mwiko mkononi. "Mzee, karibu, lakini humo hamna mzee yeyote. Yumo bibi harusi tu."

"Wewe mama," akasema baba mkwe, "macho yako yana shida. Mayige yumo. Nilikunywa naye kikombe kimoja."

"Humo?!"

"Mwambie Nkuba amefika."

Nkuba. Radi. Ndilo lile la ngoma! Amelifukua mwenyewe!

Mama Justina anauliza, Nkuba ndiyo nani tena, si wewe ni baba yake Luhende? Akataja na jina lake kabisa, lile nisiloweza kulitaja. Mzee akamjibu — naandika kama alivyosema, neno kwa neno: "Huyo unayemtaja amebaki Ngulyati. Ana mkwe mwenye heshima kuliko wote, hawezi kukaa naye benchi moja wala kumshika mkono, na wala hawezi kuja hapa leo. Mimi ni Nkuba. Nkuba hana mkwe. Wakati Nkuba anacheza, Luhende hajazaliwa. Nkuba anakaa na anayemtaka."

Nimechungulia. Ameweka kitu chini, kwenye gunia. Amekifungua. Ngoma! Ile ya ghalani! Anamwambia Mama Justina ngozi ilikuwa imeliwa na panya, jana ameiwamba mpya, bado inanuka. Kichwani amefunga manyoya ya mbuni, machache, yamevunjikavunjika. Usoni amejipaka chokaa, mstari mmoja mweupe kutoka paji hadi kidevuni, na chini ya ule mstari simtambui. Kweli simtambui!

Anasema: "Mwambie Jumamosi kuna safari ya Mwanza. Hawezi kwenda mzee mmoja peke yake na mashine za redio. Nimekuja tufanye mazoezi. Akikataa, atoke anirudishie mkono wangu niliompa Nane Nane."

Amekaa kwenye kigoda. Ameacha nafasi kando yake.

Mama Justina amekaa pia! Amevuta ndoo, akaipindua, mwiko mapajani. Huyo hatoki tena. Na wapangaji wengine wanatokeza vichwa. Nikitoka humu na kibuyu kichwani, kabla ya jua kuzama Bariadi nzima itajua Mayige anaishi chumba gani na anapikia nani. Kanisani watajua. Mama yangu atajua. Nisipotoka — amevaa manyoya, amepaka uso, ameendesha baiskeli kutoka Ngulyati hivyo hivyo, barabara kuu, mchana kweupe. Watu wote njiani wamemwona.

Ameanza kupiga. Kidole kimoja tu, polepole. Du. Du-du. Ni biti yetu! Ni mchi wa Mama Justina!

"Hii nimeisikia wapi?" anauliza Mama Justina.

Nimevaa koti. Soksi sizihitaji, mkono alishaushika. Pete leo nimeiacha kidoleni.

Anapiga tena, anaacha nafasi, ananisubiri niingie. Naandika na kibuyu kichwani, karatasi naiona kwa jicho moja tu, ndevu zinafuta wino. Ananiita: guku! Magoti yangu yametulia. Mlango